Kansa ya figo ni jina la ukoo. Uliza jina lake lenyewe

Mjukuu alikuwa na miaka 13, na Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko cha watu wazima wote mle chumbani. Daktari akasema kuna "mass" kwenye figo ya babu. Mtoto akageuka: "Babu, wanasema una misa kwenye figo." Mzee, Mkatoliki wa kutoka Fizi, Kongo, akanyamaza kidogo, halafu akauliza misa yenyewe ni ya saa ngapi. Mimi nilifika dakika kumi baadaye, kitambulisho cha ukalimani kikining'inia shingoni, nikakuta ndugu wanacheka huku daktari hajui wanachocheka. Uvimbe ulikuwa wa sentimita sita.

Nimebadilisha mambo madogomadogo ili mzee asijulikane. Nakalimani hospitalini hapa Louisville, Kentucky, mwaka wa tisa sasa. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi Kigoma. Lakini maelezo haya hayakuzaliwa kazini. Yamezaliwa kwenye meza ya jikoni kwangu, mwaka 2022, pale Baba Neema alipokutwa na uvimbe kwenye figo ya kushoto. Alikwenda kwa maumivu ya mawe ya nyongo, wakampiga CT skani, wakaona na jambo la pili ambalo hakulifuata. Ndivyo nyingi zinavyogunduliwa siku hizi: figo haiumi mapema, inaonekana kwa bahati mtu akipimwa kitu kingine.

Basi nitaeleza jinsi ya kuisoma karatasi ya majibu ya kansa ya figo kama wewe au mtu wako ni Mwafrika unayetibiwa Marekani, ambako kila fomu inakuuliza rangi kabla haijakuuliza unaumwa wapi. Rangi hiyo ina maana kwenye kansa ya figo, sitadanganya. Ila maana yake siyo ile watu wanayodhani.

Kwanza kabisa, mtoe mtoto chumbani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupa mkalimani bila kukutoza, na mtoto hatakiwi kukalimani isipokuwa kwa dharura. Sema "Swahili interpreter" mara mbili, tulia, subiri. Wakikuletea wa kwenye simu na humwelewi, sema humwelewi. Kiswahili cha Lamu na cha Lubumbashi ni ndugu wa mbali, hakuna aibu hapo.

Ripoti ikiingia kwenye simu

Tangu 2021 kanuni za serikali kuu zinafanya majibu mengi yakupate mara yanapokuwa tayari, hata daktari hajayaona. Ya Baba Neema yaliingia Ijumaa jioni, saa moja na dakika arobaini. Nilikuwa nakaanga dagaa. Simu ikalia, akaisoma, akaniwekea mbele ya uso bila neno, dagaa wakaungua. Ofisi ya daktari ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu.

Ripoti ya patholojia, yaani ya maabara iliyochunguza kipande cha uvimbe, ina kurasa nyingi: wamekata wapi, wamepima nini, kipande kilikuwa na uzito gani. Ruka yote hayo. Tafuta maneno "final diagnosis", mara nyingi yapo juu. Kwetu chini yake paliandikwa "papillary renal cell carcinoma". Maneno matatu ya mwisho ndiyo ukoo: kansa ya seli za figo. La kwanza ndilo jina lenyewe, na hilo ndilo unalolitafuta. Mtu akikwambia "una kansa ya figo" akaishia hapo, ni kama kukwambia mgeni wenu ni wa ukoo wa Kashindi. Kashindi yupi?

Majina unayoweza kukutana nayo ni machache. Linaloongoza ni "clear cell", seli angavu. Seli zake zimejaa mafuta na sukari, na kwa kuwa vitu hivyo huyeyuka maabara ikiandaa kipande, chini ya hadubini seli zinaonekana tupu kama mapovu ya sabuni. Hii ni takriban saba kati ya kumi za kansa za seli za figo. Ya pili ni papilari, inayoota kama vidole vidogo vidogo. Ya tatu, kromofobu, ni kama tano katika mia. Baada ya hapo kuna orodha ndefu ya nadra, na moja ya hizo nadra itabidi tukae nayo sana, kwa sababu inatuhusu sisi kuliko watu wengine wote.

Sasa rangi inaingia wapi? Marekani, watu Weusi wanapata kansa ya figo kwa kiwango kinachozidi kidogo cha Weupe. Wanaoongoza kwa kuugua na kufa ni Wenyeji wa Marekani na wa Alaska, jambo ambalo halitajwi sana. Wenye asili ya Asia wako chini kabisa. Tofauti kubwa zaidi kati ya Weusi na Weupe iko kwenye aina. Kwa mgonjwa Mweupe, papilari ni kama mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo. Kwa Mweusi ni mara mbili ya hapo na zaidi, na zipo tafiti zilizofikia theluthi. Seli angavu ndiyo inayopungua.

Lipo jambo jingine linalokera kulisoma. Kwa wastani uvimbe wa Weusi hugunduliwa ukiwa mdogo na haujasambaa sana, na bado wanaishi muda mfupi kuliko Weupe wa hatua ileile. Presha na magonjwa mengine yamo katika sababu. Na kufanyiwa upasuaji mara chache zaidi kumo pia.

Jumatatu ilipofika, kijana mmoja wa ofisini aliyetupigia simu alituambia, "Oh, hiyo ni ya kawaida kwa African Americans," akafunga mazungumzo kana kwamba ametupa jibu. Hakuwa amekosea. Ila sisi tulitaka kujua kwa nini, na tufanye nini.

Kisanduku cha "Black"

Kinachoandikwa kwenye takwimu ni kile ulichotia alama kwenye fomu. Kisanduku kimoja kina mjukuu wa watumwa wa Mississippi, Msomali wa Minneapolis, Mjamaika, Mbembe, na Baba Neema, Mha wa Kasulu aliyefika hapa na miaka 44. Kiukoo, Wasomali na watu wa Mississippi wako mbalimbali kuliko majirani wengi wa Ulaya. Takwimu za "Weusi" wa Marekani zimejengwa zaidi juu ya watu wenye mizizi Afrika Magharibi. Kwa hiyo zisome kama fununu, usizisome kama ramani yako.

Mfano mzuri ni jeni iitwayo APOL1. Mwaka 2010 wanasayansi walionyesha kwamba maumbo mawili ya jeni hiyo, G1 na G2, yanaongeza sana hatari ya figo kufa kwa watu Weusi wa Marekani. Yalienea Afrika kwa sababu yanasaidia mwili kupigana na vimelea vya malale. Yamejaa Afrika Magharibi, kwa Wayoruba kwa mfano. Afrika Mashariki ni machache, na Ethiopia karibu hayapo. Mtu wa Kasulu, ambako bibi zetu walijua malale kwa jina na kwa mbung'o wake, angedhani anayo. Mara nyingi hana. Daktari anayeona kisanduku hawezi kulijua hilo. Wewe unaweza kumwambia umezaliwa wapi, na wazazi wako wapi.

Kinachotuunganisha sote ndani ya kisanduku ni presha. Utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Detroit na Chicago ulikuta presha inaongeza hatari ya kansa ya figo kwa Weupe na kwa Weusi, ila uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa Weusi. Kuvuta sigara na unene vinaongeza pia, na wanaume wanaugua karibu mara mbili ya wanawake. Halafu kuna figo zilizochoka. Mtu akikaa kwenye mashine ya kusafisha damu miaka mingi, figo zake zilizosinyaa huota vifuko vya maji, na ndani ya vifuko hivyo kansa hupata pa kuanzia, papilari ikiwa mojawapo ya zinazopenda hapo. Weusi wa Marekani wanafikia kusafishwa damu mara tatu na zaidi kuliko Weupe. Ukiunganisha mambo hayo unaanza kuona kwa nini majina yanapishana. Kama una ndugu kwenye mashine kwa miaka, uliza: figo zake za zamani zilipigwa altrasaundi mara ya mwisho lini? Mkojo wake mdogo uliobaki ukiwa na damu, usingoje zamu ijayo.

Baba Neema alikuwa na presha miaka kumi na minne, na vidonge vyake alikuwa akivimeza "akijisikia vibaya". Nitaishia hapo, kwa sababu anasoma ninayoandika.

Namba mbili za figo

Chukua majibu yako ya damu ya zamani, ya kabla ya 2021. Utaona kazi ya figo imeandikwa mistari miwili: mmoja wa African American, mwingine wa wasio hao. Wa kwanza uliongezwa asilimia 16 mpaka 21, kutegemea kanuni ya maabara, kwa sababu ya rangi tu. Karatasi ya Baba Neema ya 2019 ilisema 68 kwa Mweusi, 59 kwa asiye Mweusi. Damu ileile, kichupa kilekile. Chini ya 60 kwa miezi mitatu ndipo wanapoanza kuita ugonjwa sugu wa figo. Yeye walimsomea ile 68, wakamwambia uko vizuri mzee, rudi mwakani.

Mwaka 2021 vyama vya wataalamu wa figo Marekani vilitoa kanuni mpya isiyouliza rangi. Sasa namba ni moja kwa kila mtu. Lakini karatasi za zamani ziko kwenye mafaili, na mpasuaji anaweza kuzisoma kama zilivyo. Kwa hiyo kabla ya upasuaji sema: "Naomba mpime upya kazi ya figo zangu kwa kanuni ya 2021." Hili si dogo. Uvimbe wa sentimita nne au chini, ambao kwenye ripoti huandikwa T1a, mara nyingi unaweza kukatwa peke yake na figo ikabaki. Mtu mwenye presha na namba inayoning'inia kwenye 60 ana kila sababu ya kupigania kila kipande cha figo. Wa Baba Neema ulikuwa sentimita 3.4. Mpasuaji wa kwanza alizungumza habari ya kutoa figo nzima. Tukaomba maoni ya daktari wa pili, bima ikakubali, na huyo wa pili akatoa uvimbe tu kupitia matundu matano madogo. Uvimbe mdogo sana kwa mzee mgonjwa wakati mwingine haukatwi, hufuatiliwa kwa picha. Hilo nalo uliza.

Kwenye ripoti utaona pia daraja, "grade": ni namba 1 mpaka 4, jinsi seli zinavyoonekana kali; yetu ilikuwa 2. Kromofobu haipewi daraja, usishtuke likikosekana. Na kama ripoti ya zamani inasema papilari "type 1" au "type 2", mgawanyo huo uliachwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022.

Selimundu, vijana, na figo ya kulia

Hapa ndipo nataka usome taratibu. Mwaka 1995 wanapatholojia wa taasisi ya patholojia ya jeshi la Marekani, Davis, Mostofi na Sesterhenn, walitangaza kansa ya figo ambayo haikuwa na jina. Walikuwa na wagonjwa 34, wote vijana, karibu wote wakiwa wabebaji wa selimundu, ile sikoseli ya nusu ambayo wengi huita AS. Wakaiita kansa ya medula ya figo. Inaanzia katikati ya figo, mahali penye oksijeni kidogo na chumvi nyingi, ambapo hata chembe nyekundu za damu za mbebaji mwenye afya zinaweza kujikunja kuwa mundu. Inawapata zaidi wavulana na vijana wa kiume, mara nyingi kwenye figo ya kulia, na mara nyingi ikigunduliwa imeshasambaa.

Ni nadra. Kati ya makumi ya maelfu ya wabebaji huenda akaipata mmoja, kwa hiyo usimwamshe mwanao usiku kumkagua. Ila ijue, kwa sababu watoto waliozaliwa Marekani wanapimwa selimundu wakiwa wachanga, majimbo yote tangu 2006, na sisi tuliozaliwa Kigoma, Uvira au Tanga hatukupimwa. Kanda ya Ziwa na Pwani wabebaji ni wengi. Wapo watu wazima wa miaka 40 ambao hawajui wao ni AA, yaani wasiobeba selimundu, au AS. Kipimo kinaitwa hemoglobini elektroforesisi, ni damu ya kichupa kimoja. Omba kifanywe, andika jibu, waambie watoto.

Kijana mbebaji akikojoa damu au akiumwa ubavu bila kupona, mkumbushe daktari wa dharura neno selimundu kwa mdomo wako mwenyewe. Nyingi za damu hizo zinatoka kwenye kidonda kidogo kinachopona ndani ya figo, mara nyingi figo ya kushoto. Lakini picha ipigwe. Na kama kuna uvimbe, kwenye ripoti ya patholojia tafuta SMARCB1, ambayo pia huandikwa INI1. Hiyo ni protini. Ikiwa imepotea kwenye seli za uvimbe wa mbebaji kijana, wanafikiria medula. Kama hawakuipima, uliza kwa nini. Sababu ya kung'ang'ania ni kwamba dawa zinazotumika kwa seli angavu huwa hazisaidii kansa hii. Inatibiwa kwa dripu za kemikali za jamii ya platinamu, na wiki moja ya kuchelewa ni ndefu.

Kando kidogo: aliyekulia Pemba, Unguja, au akiogelea kwenye malambo ya Mwanza na Shinyanga, na anakojoa damu, ataje pia kichocho. Madaktari wengi wa huku hawajawahi kukiona. Nilimkalimania kijana aliyepigwa skani mbili kabla ya mtu kumuuliza kama aliwahi kuogelea bwawani. Kijana akajibu, "Mbona kila siku?"

Kwa akina mama, na kwa watoto

Uvimbe wa kizazi ni kitu cha kawaida kwa wanawake Weusi kiasi kwamba hakuna anayeuuliza maswali. Lakini ipo familia yenye jeni ya FH iliyoharibika, ambayo wanawake wake hupata uvimbe mwingi wa kizazi wakiwa bado vijana, hukatwa kizazi mapema, wengine wana vinundu vinavyouma kwenye ngozi, na mmoja wao hupata kansa ya figo iliyo kali sana hata ikiwa ndogo. Mtu yeyote aliyepata kansa ya figo akiwa na miaka 46 au chini anastahili kupelekwa kwa mshauri wa vinasaba. Ukiulizwa historia ya familia, usiseme tu "hakuna kansa". Sema shangazi fulani alitolewa kizazi na miaka 29.

Kwa watoto wadogo kansa ya figo ni nyingine kabisa, uvimbe wa Wilms, ambao kwa kawaida hutokea kwenye miaka mitatu, minne. Watoto Weusi wanaipata kidogo zaidi ya Weupe, na wa Asia Mashariki mara chache kuliko wote, popote wanapoishi. Mama ndiye anayeigundua akimwogesha mtoto: tumbo gumu upande mmoja. Usilibonyezebonyeze. Mpeleke siku hiyohiyo, kwa sababu ikiwahiwa inapona vizuri.

Ikiwa imesambaa

Jina linazidi kuwa muhimu. Dawa nyingi za kansa ya figo zilijaribiwa kwa wagonjwa wa seli angavu, na wengi wao walikuwa Weupe. Papilari ilipata jaribio lake kubwa lililotangazwa 2021: wagonjwa waliopewa dawa ya kabozantinibu walikaa kama miezi 9 kabla ya ugonjwa kusonga mbele, waliopewa dawa ya sunitinibu miezi 5.6. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa kansa ni fupi: "Dawa hii ilijaribiwa kwa aina yangu?" Akisema hapana, huenda bado ni dawa sahihi, ila ataeleza, na utajua anakuonaje. Muulize na kama kuna jaribio linaloendelea unaloweza kuingia.

Baba Neema hakufika huko. Anapigwa picha mara moja kwa mwaka, kila Novemba. Kwenye pochi yake kuna kikadi nilichokiandika kwa kalamu ya buluu: papilari, kushoto, sentimita 3.4, daraja 2, figo imebaki, 2022. Nyuma yake: AA, presha, amezaliwa Kasulu. Mwaka jana muuguzi mpya alimwomba aeleze historia yake, akachomoa kikadi akampa, akaendelea kutazama mpira kwenye televisheni ya ukutani. Muuguzi alikisoma, akatoka nacho kwenda kukitoa nakala.